Miaka ya Mwerezi Sekei

Siku ya kwanza mume wangu aliporudi Akheri kutoka kiwandani, mama yake mzazi hakumtambua. Alikuwa mwekundu kuanzia nywele hadi kucha za miguu kwa unga wa mbao. Mama mkwe alikuwa ameketi mbele ya nyumba akimenya ndizi za kupika. Aliinua macho, akamkaribisha kama anavyokaribishwa mpita njia yeyote, akaendelea kumenya.

"Mama, ni mimi," mume wangu akasema.

Mama akamtazama tena, kisha akacheka hadi kisu kikamdondoka. Sote tukacheka. Mimi nilikuwa nimeolewa pale muda si mrefu, na binti yetu alikuwa bado wa mgongoni. Nikampelekea mume wangu maji ya kuoga nyuma ya migomba, yakatiririka mekundu hadi mferejini. Harufu haikutoka. Ilikuwa harufu tamu yenye ukali kidogo, kama ya sanduku la nguo linapofunguliwa baada ya masika.

Kiwanda kilikuwa chini ya Sekei, kando ya barabara ya Moshi. Kampuni iliyokijenga ilikuwa ya Ulaya, na wenye mali walikuwa huko huko kwao. Sisi tulimwona meneja tu, Mzungu mrefu wa miguu myembamba, aliyezoea kutembea na kofia yake mkononi kana kwamba anaingia kanisani. Magogo ya mwerezi yalishushwa kwa lori kutoka msituni juu mlimani. Yalipasuliwa, yakakatwa vipande, na vipande vikachanwa vibao vyembamba, urefu wake kama wa penseli. Vibao vilikaushwa kwenye tanuri, vikachambuliwa, vikafungwa kwa kamba ya katani, vikapelekwa stesheni. Kutoka hapo vilikwenda bandarini Tanga, kisha nchi za watu, huko ndiko vilikogeuzwa penseli.

Mume wangu hakwenda kule kwa kupenda mbao. Wakati ule ardhi yetu Wameru ilikuwa imebanwa. Juu ulikuwepo msitu wa serikali, chini yalikuwepo mashamba ya walowezi, na katikati tulikuwa tunazaana. Baba mkwe alipofariki, kihamba chake, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kilikuwa cha kugawanywa kwa wana wawili, mume wangu na mdogo wake. Ukikigawa, kila mmoja angepata mahali pa kufunga ng'ombe mmoja na kupanda kahawa ya kuhesabika. Mume wangu alikaa na jambo hilo kimya wiki nyingi. Kisha jioni moja, tukiwa tumeketi sote, akamwambia mdogo wake, "Chukua chote. Mimi nimepata kazi, na kazi ile haiishi."

Mama mkwe hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwanangu, mgomba haumfukuzi mtu kazi."

"Mama, umeuona msitu ule? Hata wajukuu wako hawataumaliza."

Alikuwa anaamini anachosema. Na si yeye peke yake. Ilikuwa vigumu kutoamini, kwa sababu kiwanda kilikuwa kinabadilisha vitu mbele ya macho yetu. Nyumba za nyasi zilianza kuezekwa mabati. Wazazi waliokuwa wakisema shule ni ya mtoto mmoja walianza kupeleka na wa pili. Mhunzi wa Sekei, aliyekuwa akifua majembe tu, alipata kazi ya kufua kulabu za kushikia magogo, akaajiri wasaidizi. Wanawake walipanga ndizi mbivu na maziwa ya mgando pale getini, na kabla ya jua kuwa kali walikuwa wamekwisha kuuza wakarudi kulima.

Mume wangu alianza kwa kuzoa unga wa mbao chini ya mashine. Fundi mmoja wa Kigiriki aliyekuwa anakaribia kuacha kazi alimchukua akamfundisha kunoa misumeno. Ni kazi ya subira. Kila jino la msumeno hupigwa tupa, kisha hupindwa kidogo, moja kulia, moja kushoto. Yule Mgiriki alipoondoka, mume wangu akawa ndiye mnoaji. Kampuni ikampa chumba katika kambi ya wafanyakazi, nami nikamfuata Sekei.

Baadaye kampuni ilianza kuandika wanawake. Meneja alikuwa ameona kwamba wanaume wanaochambua vibao wanavivunja. Mume wangu ndiye aliyeniletea habari, akaisema huku anatazama pembeni, kwa sababu kwetu haikuwa desturi mke wa mtu kuandikwa kazi.

"Wewe unaonaje?" nikamwuliza.

"Naona una mikono mizuri," akajibu.

Binti yetu alikuwa amekwisha kuacha ziwa. Tukampeleka Akheri kwa bibi yake, nami nikawa naenda kumwona kila Jumamosi baada ya kazi na kurudi Jumapili baada ya kanisa. Mwanzoni alinililia nilipoondoka. Baadaye akawa hanililii, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Lakini nilipomnunulia gauni la kwanza kwa jasho langu, nilimvalisha nikazunguka naye kwa majirani wote, nyumba kwa nyumba, kama mtu anayepeleka barua ya harusi.

Mwenzangu wa benchi alikuwa mwanamke wa Kiislamu, mjane, aliyezaliwa Pangani akaletwa Arusha na marehemu mumewe aliyekuwa dereva wa malori. Alikaa mjini, mitaa ya zamani karibu na msikiti, na kila asubuhi alikuja kwa miguu amejitanda kanga mbili. Siku yangu ya kwanza alinitazama ninavyochambua, akanyoosha mkono akachukua kibao nilichokiweka kwenye vizuri.

"Dada, hiki kina kifundo. Kigeuze uone."

"Kibao ile sikuona," nikasema.

"Kibao kile," akasema, akacheka, lakini si kwa dharau. "Utaona tu. Mimi siku za mwanzo nilikuwa nachambua hadi usingizini."

Kiswahili changu kilikuwa cha kanisani na cha sokoni. Yeye ndiye aliyeninyoosha ulimi, kibao kwa kibao. Mimi nikamfundisha Kimeru, na alipokijaribu benchi zima lilikuwa likishika mbavu. Vibao vyekundu vya moyo wa mti, vilivyonyooka, viliwekwa kulia. Vyenye weupe au vifundo viliwekwa kushoto, navyo tuliruhusiwa kubeba vya kuwashia moto. Ndiyo maana kwa miaka ile moshi wa Sekei ulikuwa unanukia. Alinipa siri zake, nikampa zangu. Nilipoharibikiwa mimba ya pili, yeye ndiye aliyeniosha na kunipikia uji wa pilipili manga, akamwambia mnyapara kwamba nimeteguka mguu, ili kazi yangu isipewe mtu mwingine. Sikupata mtoto tena.

Basi hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na nikiyakumbuka sasa naona yalikuwa mazuri, ingawa wakati ule tulikuwa tunalalamika kuhusu vumbi na kuhusu mnyapara.

Kisha malori yakaanza kupungua. Yaliyokuwa yakija asubuhi na mchana yakawa yanakuja asubuhi tu, na magogo yake yakawa membamba. Madereva walisema mwerezi mnene wa karibu umekwisha, uliobaki uko kwenye makorongo ambako lori halifiki, na serikali imekataza kukata zaidi ya hapo. Siku nyingine tulifagia tu. Mume wangu alinoa misumeno ambayo haikuwa butu.

"Ni kwa muda," alikuwa akisema. Sikumwuliza ni muda gani.

Asubuhi moja kengele ilipigwa, tukaitwa uwanjani. Meneja alikuwa na Kiswahili cha kutosha kuagiza kazi, lakini siku ile alisema Kiingereza na karani akatafsiri. Alisema miti imekwisha. Alisema kampuni imeamua kuhamishia mashine Usambara, ambako mwerezi bado upo. Mafundi wachache watakwenda na mashine. Wengine wote wanashukuriwa.

Kisha mwenzangu wa Pangani akatoka mbele, kanga yake kichwani.

"Bwana, hao wenye kampuni wamewahi kufika hapa?"

Karani akasita kutafsiri. Meneja alikuwa ameelewa mwenyewe, akajibu kwa Kiswahili. "Hapana, mama."

"Basi watajuaje kwamba wametuacha?"

Meneja akaitazama kofia yake. "Mimi pia ni mtu wa kuajiriwa," akasema. Akarudi ofisini, na dirishani tulimwona amekaa tu, hafanyi chochote. Nilikuwa na hasira naye, hata hivyo nikamhurumia. Alikuwa ameishi nasi miaka ile yote, na mkewe alikuwa akituma maziwa kwa watoto wa kambini walipougua surua.

Mume wangu alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa kwenda. Yeye na wenzake ndio waliozifungua mashine. Aliupaka grisi kila msumeno, akaufunga kwa magunia, na kila usiku ulipokaribia alirudi chumbani mikono imeloa mafuta. Sisi wanawake tulifagia mara ya mwisho. Unga wa mwerezi tuliujaza kwenye magunia tukagawana, kila mtu akabeba wa kwake kichwani, tukatawanyika.

Tulizungumza jikoni, mimi na mume wangu, siku chache kabla ya safari.

"Twende wote," nikasema.

"Wamesema nyumba za familia bado. Tutalala mahemani kwanza."

"Basi usiende. Baki."

"Nibaki wapi, mama watoto?" Aliuliza kwa upole kabisa. "Chumba hiki ni cha kampuni. Akheri nilikwisha kutoa."

Na hata kama kungekuwa na nyumba Usambara, mama mkwe alikuwa ameanza kuvimba miguu, hawezi kuchota maji wala kukata majani ya ng'ombe, na mke wa shemeji alikuwa na watoto wadogo mikononi. Mtu wa kumwangalia mama nilikuwa mimi. Tukakubaliana kwamba mimi nitarudi Akheri, naye akipata nyumba atatuita sote, na bibi pia.

Aliondoka juu ya lori, ameketi kwenye misumeno yake, akaelekea stesheni. Mwenzangu alikuwa ameleta mkate wa kumimina katika sahani ya bati iliyofungwa leso, akamrushia. "Kula, shemeji, usiipe mashine!" Watu wakacheka. Mume wangu akainua mkono, na aliushika vile juu mpaka lori lilipokata kona.

Nyumba ya Usambara haikupatikana mwaka ule wala uliofuata. Alikuja Krismasi moja. Alikuwa amekonda, ana kikohozi kikavu alichosema ni cha ubaridi wa kule. Binti yetu alimwamkia "shikamoo" akakimbilia nyuma ya bibi yake. Alimletea penseli, akasema mbao zake huenda zilipita kwenye msumeno wake mwenyewe. Mtoto alizinusa, akamtazama kwa mara ya kwanza vizuri, akamkalia pajani.

Siku ya pili ya sikukuu mume wangu na mdogo wake waliketi nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa jikoni, napuliza moto, na ukuta ulikuwa wa miti tu.

"Ndugu yangu," mume wangu akasema, "nimefikiri kurudi."

"Karibu nyumbani."

"Nyumbani ni wapi?"

Shemeji akasema, "Kahawa niliyoipanda upande ule imeanza kuzaa sasa. Na watoto wanaongezeka. Nikikukatia, hawa nitawaambia nini?"

"Sikukuomba unikatie. Nilikuwa nauliza."

"Najua, kaka."

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana. Walikaa pale bega kwa bega, wakinywa chai niliyowapelekea, hadi baridi ya mlima iliposhuka ikawaingiza ndani. Baada ya mwaka mpya mume wangu akarudi kazini.

Habari ilitufikia wakati wa kuchuma kahawa. Nilikuwa na kikapu kiunoni, mikono imenata utomvu, nikamwona mtu anapanda njia ya kwetu. Alikuwa Mmeru mwenzetu aliyekwenda Usambara na mashine. Kabla hajanisalimu akauliza, "Mama yuko wapi?" Nikajua. Nikaendelea kuchuma, nakumbuka, nikamaliza tawi lile lote, ndipo nikaweka kikapu chini.

Mama mkwe alikuwa ameketi juani, miguu ameinyoosha. Yule mtu akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwamba kilikuwa kichomi. Alianza kulalamika ubavu, akaendelea na kazi, kisha akashindwa kuamka. Masika yalikuwa yamekata barabara ya kuteremka hospitali.

"Mmemzika wapi?" mama akauliza.

"Kule kule, mama, juu ya kiwanda. Hatukuweza kumshusha. Meneja mwenyewe alitoa mbao za jeneza."

"Mbao gani?"

"Mwerezi, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na jambo alilolijua zamani. Kisha akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa cha mtu asiye na kaburi la kulilia. Kwetu mtu huzikwa kwake, katikati ya migomba yake, watoto wakapita kando yake wakienda kuteka maji. Baba mkwe alikuwa pale, na babu yake pia alikuwa pale. Mwanawe amelala kwa watu ambao hata lugha yao hatuijui.

Tulifanya ibada uani bila mwili. Watu wengi wa kambi ya Sekei walikuja, wale tuliotawanyika na magunia yetu. Mwenzangu alikuja na wanawake wenzake wa mjini, wamepanda mlima wote ule kwa miguu, wamebeba mchele na sufuria kubwa. Hawakuuliza jiko liko wapi. Walikoka moto, wakapika, wakalisha matanga. Wimbo wa Kilutheri ulipoanza, mwenzangu alikaa kimya kando yangu, amenishika mkono, na midomo yake ilikuwa inatembea kwa dua yake mwenyewe.

Matanga yalipokwisha, asubuhi moja nilisikia panga upande wa juu wa kihamba. Nikatoka. Shemeji alikuwa anapanda miche ya isale, mmea tunaotumia kuwekea mipaka. Mstari wake ulikuwa umepita katikati ya kahawa yake nzuri, ile iliyokuwa imeanza kuzaa.

"Shemeji, unafanya nini?" nikamwuliza.

"Hapa palikuwa pake," akasema bila kugeuka. "Sasa ni pa mtoto wake, na pako."

Nilitaka kusema asante, neno halikutoka. Nilitaka pia kusema kwamba amechelewa, na hilo nashukuru halikutoka. Yeye alikuwa analijua bila kuambiwa. Alichimba shimo jingine, akaweka mche, akaushindilia udongo kwa kisigino, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nikaenda kuchukua jembe. Tulimaliza mstari pamoja.

Ardhi ile ndiyo iliyotulea. Mama mkwe aliishi hadi binti yangu alipomaliza madarasa ya shule ya kati, akafa mikononi mwangu mchana mmoja wa utulivu, tukamzika kando ya mumewe. Hapo sikuwa tena na mtu wa kunizuia. Nikapanda treni Arusha, bendera ya Mwingereza ingali juu ya stesheni, nikashuka Mombo, nikapanda lori la mboga hadi juu milimani.

Mlinzi wa kiwanda alinipeleka kaburini. Udongo ulikuwa umetitia na nyasi zimeota. Nilizing'oa kwa mikono. Nikaimba ubeti mmoja kwa Kimeru, kwa sauti ndogo, nikamweleza habari za mama na za mtoto.

Kengele ya mchana ikalia, na wanawake wakatoka getini. Walikuwa vijana, Wasambaa wengi wao, wekundu wa unga kwenye nyusi, wanacheka na kusukumana. Walipoketi kula, mmoja aliniona.

"Mama, karibu. Umekuja kutafuta kazi? Wanaandika watu."

"Hapana, mwanangu. Nimekuja kumwona mtu."

"Anafanya kazi wapi?"

"Alikuwa mnoaji wa misumeno."

Yule binti akaweka chini bakuli lake. "Yule Mmeru?" akauliza. "Ndiye aliyemfundisha kaka yangu. Kaka sasa ndiye anayenoa." Akasimama kumwita, lakini nikamshika kanga nikamwomba asimwite, kwa kuwa nisingeweza kuitazama ile mikono.

Walinipa makande, nikala nao. Mmoja aliniambia anajenga nyumba ya mama yake. Mwingine alikuwa na mdogo wake shuleni na hakuweza kuacha kumtaja. Nilikuwa nimekuja na chuki safari nzima, nimeifunga vizuri kama mzigo, na pale sikuona wa kumkabidhi. Nikawauliza tu kama msitu bado ni mkubwa.

"Mkubwa sana, mama," yule binti akasema. "Huu hauishi."

Kengele ilipolia tena waliinuka, wakajifunga kanga upya, wakaniaga mmoja mmoja na kuingia ndani. Nilikaa kwenye nyasi hadi mashine zilipoanza kuunguruma, kisha nikaenda barabarani kungoja lori la kuteremka Mombo.